Lensmani Amelewa Makaburini

Torbjørg Vassenden aliajiriwa kwa majuma sita. Karani wa ofisi ya lensmani alikuwa amekwenda kujifungua, na yeye, msichana wa miaka ishirini na minne aliyejua kupiga taipu kwa vidole vyote kumi, akaambiwa akalie kiti kisipoe. Yule karani akapata mapacha, kisha akapata mume mwingine wa mji mwingine, wala hakuonekana tena. Torbjørg akakikalia kiti kwa miaka thelathini na saba, na mtu akimuuliza cheo chake alijibu kwamba yeye ni wa muda.

Lensmani ndiye polisi wa bonde la Kvernadal. Kwa mujibu wa karatasi zitokazo mji mkuu, polisi ni jeshi moja la taifa zima: juu kabisa pana kurugenzi, chini yake wilaya, kila wilaya na mkuu wake, chini ya wakuu kuna wakuu wadogo, na huko chini kabisa, wino unapoanza kukauka, ndipo anapotajwa lensmani wa Kvernadal. Lakini waulize wenyeji. Kwao ngazi ile husomwa kutoka upande wa pili: kwanza Torbjørg, kisha lensmani, kisha Mungu, na hao wengine wa mjini huonekana kwenye televisheni.

Lensmani mwenyewe aliitwa Gudmund Tveito, mrefu, mpole, mzito wa kunyanyua mguu. Kila asubuhi alilizunguka bonde mikono mgongoni, akisimama kila penye ua, akimtazama kila mtu, asifanye lolote. Msicheke. Kutazamwa na Gudmund kulitosha kumfanya mtu arudishe ngazi ya jirani. Alitoa vibali vya bunduki za kuwindia, alitafuta watalii waliopotea ukunguni, na bahari au mlima ulipochukua mtu, yeye ndiye aliyekwenda kupiga hodi, kofia mkononi, akaketi jikoni kwa wafiwa mpaka kahawa ikapoa mara mbili. Kazi hiyo haimo katika takwimu yoyote.

Na kesi? Kesi zilikuwa za Torbjørg, naye hakuziandika. Alikuwa na msemo wake, kautunga mwenyewe na akaurudia mpaka watu wakaukariri: kuandika ni kuanika. Ukishaandika jina la mtu kwenye daftari la polisi, umeanika nguo zake za ndani kwenye ua wa taifa, na katika bonde la watu mia nane hazikauki milele. Kwa hiyo injini ya mashua ilipotoweka, aliita wawili ofisini, mwenye injini na aliyefikiriwa kuwa nayo, akawawekea wafeli, zile keki bapa za vibonyeo, na jibini la kahawia.

"Haya," alisema, "injini imeibwa au imeazimwa?"

Mtuhumiwa alitazama wafeli yake. "Imeazimwa."

"Itarudi lini?"

"Kesho."

"Basi kunywa kahawa, mbona unaiacha ipoe?"

Kesho yake injini ilirudi, tena ikiwa imesafishwa plagi. Miaka thelathini na saba aliishi hivyo. Tenda wema uende zako, wanasema, usingoje shukrani. Torbjørg hakungoja shukrani, lakini hakungoja pia yaliyokuja.

Yalikuja mageuzi. Serikali iliamua kuwaleta polisi karibu na wananchi, na mpango wenyewe ukaitwa Polisi wa Karibu. Ili polisi wawe karibu, ofisi ndogo zingefungwa na polisi wote wangekusanywa mjini, kilomita mia na arobaini kutoka Kvernadal, na kivuko katikati ambacho upepo ukivuma hakivuki. Nimeusoma mpango ule mara tatu nikitafuta mahali nilipokosea kusoma.

Oktoba akaja mkaguzi kutoka makao ya wilaya, mwanamke wa miaka arobaini hivi aliyeitwa Vibeke Stang, na kompyuta chini ya kwapa. Alikuwa na adabu, hilo tuliseme. Alivua viatu mlangoni, akala wafeli mbili, akafungua daftari la kesi, akalifunga, akalifungua tena.

"Torbjørg, hapa naona kesi tatu."

"Ndiyo."

"Kwa mwaka mzima?"

"Mwaka ulikuwa mgumu," Torbjørg alijibu. "Mwaka juzi ilikuwa moja."

Vibeke alieleza kwa upole. Kipimo kilikuwa kesi kumi na tano. Ofisi yenye kumi na tano ingebaki, isiyofika ingefungwa mwaka mpya. Taarifa yake alipaswa kuituma Ijumaa, na leo ilikuwa Alhamisi.

"Lakini hakuna kesi kwa sababu tupo!" Torbjørg alisema, na sauti ikampanda. "Ukiona mwavuli umemkinga mtu, unautupa kwa sababu hakulowa?"

"Mimi nakuelewa. Kompyuta haielewi."

"Na mtu akifa baharini? Atakuja nani kupiga hodi? Askari wa mjini, kilomita mia na arobaini, hajui hata kwamba kwetu jirani hupita mlango wa nyuma, wa jikoni? Atamsimamisha mjane uani amwonyeshe kitambulisho?"

Vibeke alitazama dirishani, mvua ilikuwa ikinyesha. Huko kwetu mvua hunyesha siku mia mbili na hamsini kwa mwaka, na wala hatuisifu.

Torbjørg aliingia stoo akajifanya anatafuta kahawa. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akarudi na pakiti ya kahawa ambayo haikuhitajika. Gudmund hakuwepo, ilikuwa juma la kuwinda paa, na alfajiri alikuwa amepanda mlimani na bunduki yake kama nusu ya wanaume wa bonde. Huko juu simu haishiki. Kisha palikuwa na jambo jingine dogo ambalo nisipolisema sasa mtapotea: ili kila simu ihesabiwe, Vibeke alikuwa ameagiza tangu Jumatatu kwamba namba ya ofisi ya lensmani ielekezwe kwenye kituo cha dharura mjini. Anayempigia Torbjørg angepokewa na mtu mwingine.

Saa tano na robo asubuhi, Bibi Gyda Lote alimpigia Torbjørg.

Gyda alikuwa mjane wa miaka themanini na mitatu, mwenye miti mia ya tufaha, ng'ombe kumi na wawili na fahali mmoja. Fahali huyo tangu akiwa ndama alikuwa na tabia ya kuzunguka ua kila asubuhi polepole, akisimama kila penye nguzo, akimtazama kila mtu, asifanye lolote. Angepewa jina gani jingine? Aliitwa Lensmani. Gudmund alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa, na kila alipopita shambani kwa Gyda alimnyanyulia kofia. Bonde zima lilijua. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani asiyejua.

Simu ilipokewa na Preben, mtu wa mji mkuu, mwaka wake wa kwanza upande wetu wa milima, ambaye lahaja yetu ilimwingia sikioni neno moja likiruka mawili.

"Kituo cha dharura, nikusaidie nini?"

"Torbjørg?"

"Hapana, mama. Unaongea na polisi."

"Wewe nani? Mpe Torbjørg simu, mwanangu, mambo yameharibika. Lensmani amelewa."

Preben alikaa sawa. "Lensmani wa Kvernadal?"

"Kwani kuna mwingine? Nilimwaga makapi ya tufaha nyuma ya ghala, yale ya kukamulia divai, yamechacha siku tisa. Kayamaliza yote. Kavunja ua, sasa yuko makaburini kanisani, anapiga mawe vichwa."

"Anapiga watu mawe?"

"Mawe ya makaburi! Hilo la marehemu mume wangu kalilaza chali. Na Mchungaji Ragna kampandisha juu ya kibanda cha majembe, hashuki, kila akishusha mguu Lensmani anakuja."

"Mama, nisikilize vizuri. Ana silaha?"

"Silaha gani? Anazo zake mbili, hizo alizozaliwa nazo."

Preben aliandika: *ana silaha mbili*.

"Ni mtu wa umbo gani?"

"Huyo? Mkubwa! Shingo imekwenda moja kwa moja na kichwa. Mlango wa sakristia kaupiga mara moja tu."

"Ana familia? Mke?"

Gyda akaona huyu kijana ana maswali ya ajabu, ila akajibu kwa sababu alilelewa vizuri. "Wake zake ni nusu ya bonde, mwanangu. Hata ng'ambo huwa wanamwazima."

Preben aliandika *maisha ya ndoa yana misukosuko*, akabonyeza kitufe chekundu.

Polisi wa nchi yetu hawatembei na bunduki. Bunduki hulala zimefungiwa ndani ya gari, na hazitoki mpaka mkuu wa wilaya mwenyewe atoe amri, na amri ikitoka kila askari hupewa namba ya kesi yake, ili risasi isipotee bila mwenyewe. Mkuu wa wilaya alikuwa kwenye semina ya kujenga imani ya wananchi. Alitolewa nje, akasomewa karatasi ya Preben, akashika ukuta. Amri ikatoka. Kikosi cha watu kumi na wanne kilikuwa mazoezini fyodi ya jirani, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, nusu saa kwa gari, na helikopta ikawashwa.

Kikosi kikiwa karibu kufika, Preben aliona vyema aulize pia ofisini. Akampigia Vibeke kwenye simu yake ya mkononi, na Vibeke, asiyeamini masikio yake, akaifungua sauti ili Torbjørg asikie.

"Lensmani yuko wapi sasa hivi?" Preben aliuliza.

"Mlimani," Torbjørg alisema. "Kaondoka alfajiri na bunduki."

Preben aliandika. "Alikuwa na hali gani?"

"Kimya kama kawaida yake. Kwa nini?"

"Kwa sababu yuko makaburini amelewa, na amemshika mchungaji mateka juu ya kibanda."

Torbjørg alisimama. Gudmund hakuwahi kulewa tangu siku ya kipaimara chake mwenyewe, na siku hiyo pia alikuwa amedanganywa kwamba ni juisi. Kisha akauliza polepole, "Nani aliyepiga simu?"

"Bibi mmoja Gyda Lote. Alitaja makapi ya tufaha."

Torbjørg akakaa. Akaziba uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika, Vibeke akadhani analia, akamshika bega.

"Huyo si Gudmund," Torbjørg alisema alipopata pumzi. "Huyo ni fahali!"

"Naelewa uko kwenye mshtuko," Preben alisema.

"Nakuambia ni fahali! Lensmani ni fahali!"

Preben aliandika: *wafanyakazi wenzake humwita fahali.* Kisha akamwambia kwa upole wa kozi aliyosomea kwamba kumkinga bosi ni jambo la kibinadamu, ila safari hii imezidi, na wote wakae mbali na eneo. Akakata.

"Washa gari," Torbjørg alimwambia Vibeke. "Mimi nabeba mkate."

Walipofika kanisani, askari walikuwa wamelala kifudifudi nyuma ya mawe ya makaburi, fulana za chuma kifuani, matope hadi masikioni. Helikopta ilikuwa juu ikizirusha kofia. Katikati ya uwanja, kati ya babu za bonde, Lensmani alisimama miguu minne mbalimbali ili dunia isimwangushe. Macho yamelegea. Shada la maua ya plastiki lilikuwa limening'inia pembe ya kushoto. Juu ya kibanda alikaa Mchungaji Ragna, kanzu imeloa, akipiga kelele ambazo helikopta ilizimeza.

Kamanda wa kikosi alishika kipaza sauti. "Lensmani! Weka silaha chini! Jitokeze mikono juu!"

Lensmani alicheua.

Torbjørg aliipita kamba ya polisi. Askari mmoja alimdaka mkono. "Mama, rudi nyuma! Mshukiwa bado hajaonekana."

"Na huyo?"

"Huyo ni ng'ombe tu, anatuzibia njia."

"Huyo ndiye mshukiwa, baba! Pembe mbili, kazaliwa nazo!"

Helikopta ilikuwa imegeuka kidogo, na katika nafasi hiyo sauti ya Mchungaji Ragna ikafika kwa mara ya kwanza, safi kama siku ya Pasaka: "Nyie vipofu! Lensmani ni huyo hapo mbele yenu! Mtoeni kabla sijasema neno ambalo nitalitubia!"

Askari kumi na wanne wakainua vichwa. Wakamtazama fahali. Fahali akawatazama, mmoja mmoja, bila kufanya lolote.

Torbjørg alikwenda taratibu, mkate na jibini la kahawia mkononi, akizungumza naye kama alivyozungumza na wakosaji wote wa bonde. "Haya, baba. Umekula makapi au umeazima? Njoo. Njoo unywe maji." Lensmani alinusa, akalamba mkono hadi kiwiko, akakubali kushikwa pete ya pua. Wakatoka langoni pamoja, yeye akiyumba, Torbjørg akimwekea bega. Kamanda alipiga saluti. Baadaye alisema mkono ulikwenda wenyewe.

Gudmund alishuka mlimani saa nane, mvua imemlowesha, bunduki begani, akakuta kizuizi cha barabara, maana mjini amri ilikuwa bado haijafutwa, na watu watano wa kikosi kile wakimwelekezea mitutu. Aliweka bunduki chini, akanyanyua mikono, uso ukampauka. Hakuuliza amekosa nini. Aliuliza, "Nani amekufa?"

Vibeke alikuwepo, alilisikia swali hilo.

Jioni ile ofisini, kabla giza halijaingia, Vibeke aliifungua kompyuta na kukaa akiitazama. Akamwita Torbjørg aje aone. Amri ya silaha ilikuwa imezaa namba za kesi, moja kwa kila askari, moja ya helikopta, moja ya mateka, moja ya mlango wa sakristia, na moja ya jiwe la marehemu mume wa Gyda. Zote kumi na nane, zote za bonde la Kvernadal. Kompyuta ilikuwa imelipaka bonde rangi nyekundu na kuandika kwamba eneo linahitaji polisi wa kudumu.

"Ukijumlisha na tatu zako, ni ishirini na moja," Vibeke alisema. "Naweza kuandika ombi zifutwe, kwamba kulikuwa na kutoelewana. Watazifuta, ndiyo haki. Au naweza kuziacha. Kila kilichoandikwa kimetokea kweli. Mlango umevunjwa. Mchungaji alikuwa juu ya kibanda." Akasogeza kiti. "Lakini jina la mtuhumiwa lazima lijazwe. Hapa pako wazi. Wewe unalijua bonde lako. Sema."

Torbjørg alitazama ile nafasi tupu, kimshale kikipepesa. Miaka thelathini na saba hakuwahi kujaza nafasi ile bila kujuta. Aliwafikiria wote waliokaa kwenye kiti kile wakitazama wafeli zao. Akafikiria mlango wa nyuma, na mtu aliyevua kofia.

"Andika," alisema. "Ng'ombe hana haya."

Vibeke akaandika. *Lensmani. Mkazi wa shamba la Lote. Miaka minne.* Ijumaa taarifa ikaenda, na kabla ya Krismasi jibu likaja: ofisi ya Kvernadal inabaki, na namba ya simu inarudishwa kwa karani. Torbjørg aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akalia waziwazi mbele ya watu wawili waliokuja kuchukua pasipoti, na hakwenda stoo.

Ukurasa wa pili alikuwa hajaufungua. Cheo cha lensmani, barua ilisema, cha kale na kisichoendana na nyakati, kimefutwa nchi nzima. Kuanzia mwaka mpya Gudmund ataitwa Kiongozi wa Kitengo cha Utendaji cha Kijiografia, Tawi Dogo. Fundi alitumwa kutoka mjini kuja kung'oa kibao cha mlangoni, kile cha shaba kilichoandikwa Lensmani. Alichelewa kivuko kwa sababu ya upepo, na alipofika kibao hakikuwepo. Torbjørg alimpa kahawa akamwambia kimeazimwa.

Kinaonekana hadi leo, ukipita kwa Gyda, kimepigiliwa misumari juu ya mlango wa zizi. Gudmund kila asubuhi husimama pale, mikono mgongoni, akamnyanyulia kofia mwenzake, na mwenzake humtazama.

Januari iliyofuata, siku ya dhoruba, simu ililia ofisini. Ilikuwa sauti ya mwanamke kutoka mashamba ya mdomoni mwa fyodi, na Torbjørg aliitambua kabla haijasema jina. Mashua ya mumewe ilikuwa imeonekana ikielea tupu.

"Lensmani yupo?" mwanamke aliuliza.

Gudmund alikuwa amekwishasimama, anatafuta kofia. "Hayupo," Torbjørg alisema. "Lensmani siku hizi yuko zizini. Lakini Gudmund yupo, mpenzi, anavaa koti. Fungua mlango wa nyuma."